Nani wa Kumwambia?

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, serikali ya Tanzania huwapangia wanafunzi shule za kidato cha tano. Orodha inawekwa mtandaoni, na familia nzima inazunguka simu moja kutafuta jina. Binti wa Kasulu anaweza kujikuta amepangiwa Mtwara. Kijana wa Newala anaweza kupelekwa Mara. Sababu zake tunazijua. Si kila wilaya ina shule yenye tahasusi anayoitaka mwanafunzi, na tangu enzi za Mwalimu Nyerere nchi hii imeamini kwamba vijana wa makabila mbalimbali wakilala bweni moja watatoka pale wakiwa ndugu. Mimi bado naiamini sababu hiyo.

Kisha inakuja fomu ya maelekezo ya kujiunga na shule. Ukiisoma vizuri, utaona ni mkataba. Upande mmoja kuna vitu vya kuleta: godoro, shuka, ndoo, jembe au fagio, rimu ya karatasi. Upande wa pili kuna yale ambayo shule inaahidi: kitanda, chakula, masomo, ulinzi. Kila kitu kimehesabiwa mpaka soksi. Hakuna mstari hata mmoja unaosema mtoto huyu, akiwa kilomita elfu moja kutoka kwao, na simu haziruhusiwi bwenini, siku moyo ukimjaa atamwambia nani.

Ninataka kulichukua pengo hilo kama swali la maadili, si la utawala. Je, shule ina deni la kumwajiri mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwasikiliza wanafunzi? Sizungumzii daktari wa magonjwa ya akili, ambao ni wachache nchini na wana wagonjwa wao. Sizungumzii pia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, anayeitwa jambo likishaharibika. Nazungumzia mtu aliyepata mafunzo ya kiasi, anayeonekana uwanjani asubuhi na jioni, anayejua kwamba fulani wa kidato cha pili hajala siku mbili, na ambaye kumwendea hakuhitaji kibali wala sababu kubwa.

Jibu la haraka ni kwamba mtu huyo tayari yupo. Shule nyingi zina mwalimu wa malezi, au mwalimu wa ushauri nasaha, na shule za bweni zina matroni na patroni. Ni kweli, na wengi wao ni watu wema. Lakini tazama kazi yao ilivyopangwa. Mwalimu wa ushauri nasaha ni huyohuyo wa hesabu au jiografia, mwenye vipindi, madaftari ya kusahihisha na zamu. Wiki ya zamu yake ndiye anayehesabu waliochelewa mstarini. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mkuu wa shule, na sote tuliopita shuleni tunajua umbali uliopo kati ya kanuni na uwanja wa paredi. Kwa hiyo mtu yuleyule anatakiwa saa moja asubuhi awe na fimbo, na saa kumi jioni mtoto yuleyule aliyechapwa amfuate kumweleza kwa nini alichelewa: kwamba usiku hakulala, kwamba mama ameandika barua kuwa baba ameondoka.

Hili si suala la tabia ya mwalimu. Hata mwalimu mpole kuliko wote, akiwa na mamlaka ya kuadhibu, anayasikia maneno ya mtoto kama ushahidi. Na mtoto anajua, kwa hiyo anachagua maneno kama mtu aliye mbele ya hakimu.

Jamii zetu zililiona tatizo hili zamani. Katika makabila mengi ya ukanda huu, baba na mama ndio wenye kuonya na kuadhibu, na kwa sababu hiyohiyo si wao wa kuambiwa kila kitu. Mtoto ana bibi na babu, ambao uhusiano wao naye ni wa utani, na mbele yao anaweza kusema upuuzi wake bila kuogopa. Ana shangazi, ana mjomba. Pwani, binti anapovunja ungo hupewa somo, mwanamke mzima ambaye si mama yake, na mambo ambayo binti angeona haya kumwambia mama yanakwenda kwa somo. Mpangilio huo una kasoro zake. Yapo mafundisho ya unyago ambayo leo hatungependa kuyarithi, na wapo masomo waliotumia siri za watu vibaya. Lakini wazo la msingi lilikuwa sahihi: anayeadhibu na anayesikiliza wawe watu wawili. Shule ya bweni ilimchukua mtoto, ikachukua nafasi ya baba, ikaiacha nafasi ya bibi tupu.

Tena pengo hilo lina lugha yake. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Katika shule kadhaa, kuzungumza Kiswahili nje ya kipindi chake ni kosa la kuadhibiwa. Fikiria mtoto wa miaka kumi na minne aliyefiwa. Ana Kiingereza cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni, basi. Hana Kiingereza cha msiba. Tumemtoa kwao, tumemkataza simu, na sasa tumemnyang'anya hata maneno. Akinyamaza muhula mzima tunaandika kwenye ripoti kwamba ana nidhamu nzuri.

Niliposoma bweni, aliyekuwa na kazi hii bila kuajiriwa kwayo alikuwa mama mmoja wa jikoni. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walijipeleka kwake kuchambua maharage, kazi ambayo hakuna aliyewatuma. Aliuliza swali moja, "Kwenu hawajambo?", kisha akaendelea kuchambua. Watu walilia pale, wakanawa uso kwenye ndoo, wakarudi darasani. Mshahara wake ulikuwa wa mpishi. Nadhani kila aliyesoma bweni ana mtu wa namna hii katika kumbukumbu zake: mlinzi wa getini, dereva, matroni mmoja. Tunawasimulia kwa upendo. Hatujiulizi kwa nini shule iliitegemea bahati ya mtoto kumpata mtu kama huyo, wala kwa nini yeye alifanya kazi mbili akalipwa moja.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi ninaloliheshimu zaidi. Linasema: yule mama wa jikoni alikuwa na thamani kwa sababu hakulipwa. Mpe mshahara, mpe kitambulisho na fomu za kujaza, na ule upendo utageuka huduma. Mtoto atajua kwamba anayemwuliza habari za kwao anauliza kwa sababu ni saa ya kazi.

Nimelifikiria hili kwa muda mrefu, na naona linachanganya vitu viwili. Mshahara haununui upendo, hilo halina ubishi. Unachonunua ni muda. Muuguzi analipwa, na bado mgonjwa anajua tofauti kati ya muuguzi anayemjali na asiyemjali. Yaya analipwa, na wapo watoto waliolelewa na yaya wakapendwa kweli. Hata somo wa Pwani hakuondoka mikono mitupu, alipewa zawadi zake na heshima yake, na hakuna aliyesema zawadi zimeharibu malezi. Upendo usiolipwa muda wake unaishia pale majukumu mengine yanapoita, na kwa mpishi yanaita kila saa: chakula cha watu mia sita lazima kiive.

Pingamizi la pili ni la wazee wetu: mnawadekeza. Sisi tulisoma hivyohivyo, tukakimbia mchakamchaka, tukala maharage yenye wadudu, na tumekuwa watu. Jibu langu ni kwamba tunawasikia waliokuwa watu. Waliorudi nyumbani muhula wa pili na hawakuonekana tena hawapo kwenye kikao cha kutoa ushuhuda. Ugumu unaomkomaza mtu ni ule anaoweza kuusimulia baadaye. Kumsikiliza mtoto hakumwondolei mchakamchaka, atakimbia kama wenzake.

La tatu ni fedha, na hili lina majibu ya vitendo. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa yamejaa, na mkuu wa shule ambaye hana mwalimu wa fizikia atacheka ukimwambia aajiri msikilizaji. Lakini mtu huyo si lazima awe na shahada. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha kina bibi wa mitaa ya Harare kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile ambacho Washona hukiita kufikiri kupita kiasi, na ambacho sisi tunasema "ana mawazo". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na kina bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Karibu zaidi, nchini Kenya, mradi uitwao Shamiri uliwatumia vijana waliomaliza sekondari karibuni kuongoza vikundi vya wanafunzi, saa moja kwa wiki kwa wiki nne. Matokeo ya utafiti wao kwa wanafunzi 413, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Tunao kina bibi. Tunao vijana waliomaliza shule na hawana ajira. Gharama ipo, ila si ile tunayotishiana nayo.

Ugumu wa kweli, kwa maoni yangu, uko kwenye siri. Msikilizaji akilipwa na shule, ni wa nani? Hadi Novemba 2021, msichana wa Tanzania aliyepata ujauzito alifukuzwa shule ya serikali. Fikiria shule ile ingekuwa na msikilizaji wa kuajiriwa mwaka 2018. Binti anamweleza. Mkuu wa shule anauliza kama kuna wenye mimba. Sikio lile lingekuwa mlango wa kutokea. Ndiyo maana siamini kwamba kuajiri mtu kunatosha. Sikio haliwezi kuwa jema kuliko sheria inayolizunguka, na shule inayotaka wanafunzi waseme lazima kwanza iamue mambo gani yakisemwa hayatawadhuru waliosema.

Upande mwingine, siri yote haiwezi kufunikwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa. Mtoto akisema mwalimu fulani anamwita ofisini usiku, msikilizaji anayenyamaza ni mshiriki. Kwa hiyo kuna siri inayomlinda mtoto na siri inayomlinda anayemdhuru, na kazi nzima ni kuzitenganisha. Njia ya uaminifu ninayoiona ni msikilizaji kumweleza mtoto mipaka mapema, kabla hajafungua mdomo: haya yatabaki hapa, haya sitaweza kuyabakiza, na nikilazimika kuyasema utakuwa wa kwanza kujua. Mtu wa namna hiyo asiwajibike kwa mkuu wa shule peke yake. Asishike fimbo, asikae kwenye kikao cha nidhamu, wala asiulizwe majina.

Wapo watakaoogopa kwamba akishaajiriwa yeye, sisi wengine tutanawa mikono. Mwalimu atasema "nenda kwa msikilizaji" na kurudi kwenye madaftari yake. Hofu hiyo ina ukweli. Lakini kuwa na muuguzi wa shule hakumzuii mwanafunzi kumpa mwenzake maji akiwa na homa. Kinachobadilika ni kwamba yule mwenzake, naye ana miaka kumi na mitano, habaki peke yake usiku na jambo zito kuliko umri wake. Kwa sasa wabebaji wakuu wa huzuni bwenini ni watoto wenyewe, mmoja akimbeba mwingine kwenye kitanda cha juu baada ya taa kuzimwa.

Serikali ndiyo iliyochagua shule, na ndiyo iliyochagua umbali. Haikumwuliza binti wa Kasulu kama ana mtu Mtwara. Kama ina haki ya kumpeleka huko, na nadhani inayo, basi kwenye ile fomu, chini ya ndoo na jembe, kuwe na mstari mmoja unaotaja mtu, mahali anapokaa, na saa ambazo mlango wake uko wazi.