Mzee wa Namba Tano

Kisa hiki hakitaji jina la mtu wala la mtaa, kwa sababu ploti za namna hii zimejaa Kericho mjini, Kapsoit, Litein na Bomet, na kila aliyewahi kupanga ataitambua yake. Lango la chuma, vyumba kumi vya mabati vinavyotazamana, mfereji mmoja uani, kamba za nguo zimepishana juu ya vichwa vya watu. Kila mlango umepakwa namba, na namba hiyo hugeuka kuwa jina la anayelala ndani.

Namba sita alikaa kijana wa Konoin, kutoka upande wa Mogogosiek, aliyekuja mjini kuuza katika duka la vifaa vya ujenzi. Namba tano alikaa mzee aliyetoka magharibi mwa Kenya. Ujana wake wote ulikwisha akiwa na kikapu mgongoni, akichuma chai katika mashamba makubwa. Mashine za kuchumia zilipopunguza watu, alihama nyumba za kampuni akapanga mjini, akishika kibarua hiki na kile. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa mwembamba, hata kijana alijua saa ambayo mzee huwasha redio na saa ambayo huizima. Alijua anavyokohoa. Jina lake hakulijua, na walikuwa wamekaa hivyo zaidi ya mwaka.

Mwezi wa nne, mvua ikiwa imekolea, kikohozi kilibadilika, kikawa kirefu, cha mtu anayetafuta pumzi. Usiku wa kwanza kijana alijigeuza tu kitandani. Usiku wa pili alifikiria kubisha hodi, kisha akajiambia kwamba mzee hakosi watu wake. Usiku wa tatu mvua ya mawe ilipiga mabati mpaka hakuna kilichosikika, na uliofuata ulipokuwa kimya, kijana akashukuru kwamba mgonjwa amepata nafuu. Aliyeuliza ni landlodi, siku alipokuja kudai kodi: "Jamani, mzee wa namba tano mmemwona lini?" Watu wakatazamana. Mlango ulivunjwa mbele ya polisi.

Huenda hata angefikishwa hospitali asingepona. Lakini alifia hatua chache kutoka kwa watu waliokuwa macho, na pikipiki ya mwendesha bodaboda wa namba mbili ilikuwa uani usiku wote ule, ina mafuta.

Ukimsikia mtu akisema kijana yule alikuwa na roho ngumu, mkatalie. Alilelewa vizuri kuliko wengi wetu. Wakipsigis huita kokwet kundi la nyumba zinazopakana, pamoja na baraza la wazee wake. Ndiyo iliyokuwa nguzo ya maisha ya jirani na jirani. Na jambo hili wengi hulisahau: kokwet haikuwa ya ndugu wa damu. Watu wa koo mbalimbali waliishi humo, na kilichowafunga ni kwamba mashamba yao yalipakana. Palizi iliitiwa morik: majirani wakaja na majembe yao, mwenye shamba akawalisha kimyet, yaani ugali, na mursik, maziwa ya mgando, na zamani pombe ya wimbi, kisha zamu ikahamia kwa mwingine. Asiyetokea bila sababu aliulizwa. Kijana mwenyewe, alipokuwa mdogo, alikuwa akitumwa na mamaye kwenda kwa ajuza wa jirani kila mlango wa ajuza huyo ulipochelewa kufunguliwa na ng'ombe wamekwisha kukamuliwa. Hakuambiwa kwamba huo ni wema. Aliambiwa akimbie, arudi na jibu.

Kwa hiyo aliyeshindwa kubisha hodi mjini ni mtoto yuleyule wa kokwet. Ndiyo maana siridhiki na maneno kwamba watu wa mashambani wana utu na wa mjini hawana. Utu ule ulikuwa na kazi iliyoudai, njia iliyoupitisha, na watu wa kuuliza ulipokosekana. Ploti haina hata kimoja.

Tena kokwet yenyewe imeanza kupungua nguvu, na chai ina mkono wake hapo. Kampuni za Waingereza zilianza kupanda chai Kericho miaka ya 1920, zikajenga safu za nyumba za wafanyakazi waliotolewa mbali. Baadaye mkulima mdogo naye akapata chai yake kupitia KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo. Neema ilikuja, na hakuna anayetaka kuirudisha: watoto wamesomeshwa kwa bonasi ya Oktoba. Lakini chai ya mkulima mdogo nayo huenda kwa namba. Majani hupimwa kituoni, kilo zikaandikwa kwenye namba ya mkulima, na mchumaji akalipwa kwa kilo. Hapo morik haina nafasi. Jirani aliyekuwa akija na jembe sasa huja kwa malipo, au haji.

Simu ikamalizia. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtu aweza kuwa jirani mwema kwa kidole. Juma lilelile mzee alipokuwa akikohoa, kijana alituma shilingi mia tano Mogogosiek kwa matanga ya jirani ambaye hakuwa amemwona kwa miaka. Jina lake lilisomwa kule, akashukuriwa. Sisemi hakupaswa kutuma. Nasema mchango ulimpa raha ya mtu aliyetimiza wajibu, na raha hiyo ikamlaza usingizi kando ya ukuta.

Wala tusiipambe kokwet kupita kiasi. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliozozaniwa, wafanyakazi wa chai kutoka jamii nyingine walifukuzwa katika eneo hili, nyumba zikachomwa, watu wakakimbilia vituo vya polisi. Ujirani uliokuwa na nguvu kiasi hicho haukuwafikia waliohesabiwa kuwa wageni, hata wale waliozeeka wakichuma chai palepale. Mzee wa namba tano alikuwa mmoja wa waliokimbia, kisha akarudi. Mtu aliyepitia hayo hagongi mlango wa mtu usiku, hata akiwa anakufa. Jambo hilo linatudai sisi wenyeji tuanze kugonga.

Msimamizi wa ploti alileta daftari la shule ili mchango wa kusafirisha maiti uandikwe, na hapo ndipo wapangaji walipoandika majina yao pamoja kwa mara ya kwanza. Namba nne alikuwa mwalimu wa chekechea. Namba tisa, mama aliyeonekana kila jioni akitoka na mkoba, alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Alisema taratibu kwamba mchana huwa yuko, angeitwa angekuja. Jina la mzee walilisoma kwenye kitambulisho chake.

Serikali ilileta mpango wa usalama wa mtaa uitwao Nyumba Kumi mwaka 2013, mwaka wa shambulio la kigaidi la Westgate jijini Nairobi, ikiiga mabalozi wa nyumba kumi kumi wa Tanzania. Katika miji yetu imebaki zaidi kuwa jicho la kumtafuta mgeni anayeshukiwa. Ningependa mabalozi wetu waanze na daftari lile: kila mpangaji, siku anayohamia, aandike jina lake na simu ya mtu wake, na landlodi asikabidhi ufunguo kabla ya hapo. Anayeweza kuhesabu wezi wa mtaa aweza kuhesabu wagonjwa wake.

Wapangaji wa ploti ile hawakungoja. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi husafisha uani na mtaro pamoja, kisha wakanywa chai mlangoni kwa mmoja wao kwa zamu. Pesa badala ya mtu hazipokewi. Asiyetokea hubishiwa hodi na kuulizwa kulikoni. Wawili bado wanakataa, wakisema hawakuja mjini kufagia. Kijana wa namba sita ndiye aliyepewa kazi ya kuwapitia, na kila mwezi huwapitia.