Novemba, Mwezi wa Marehemu Wetu



Mwezi wa Novemba una jina lisilolingana na nafasi yake. Neno hili latoka katika Kilatini, na maana yake ni tisa. Nasi twauhesabu kuwa mwezi wa kumi na moja. Sababu ni kwamba Warumi wa kale walianza mwaka wao katika Machi. Januari na Februari zilipowekwa mbele, majina ya zamani yalibaki vile vile. Julius Kaisari alitengeneza kalenda iliyoanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristu, na Papa Gregori XIII akaisahihisha mwaka 1582. Wote wawili hawakuligusa jina hilo. Wazee wa pwani yetu nao walihesabu miezi namna hiyo, wakianza baada ya Ramadhani: mfunguo mosi, mfunguo pili, hata mfunguo tisa.

Lakini hesabu tupu haimpi mtu faraja. Mama Kanisa ameupokea mwezi huu usio na jina ila tarakimu, akautia maana kubwa: ameufanya kuwa mwezi wa marehemu.

Jambo hili halikufanyika siku moja. Mwanzoni mwa karne ya 7 Papa Bonifasi IV aliligeuza Pantheon, hekalu la miungu ya Roma, kuwa kanisa la Bikira Maria na Mashahidi wote. Mwaka 835, wakati wa Papa Gregori IV, sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba ilienezwa katika dola ya Wafranki. Kisha, karibu na mwaka 998, Mtakatifu Odilo, abate wa Cluny katika Ufaransa, aliwaagiza wamonaki wake kwamba kesho yake, yaani tarehe 2, wawaombee waamini wote waliofariki. Desturi hiyo ya monasteri ikawa desturi ya Kanisa zima. Na mwaka 1915, vita kuu ilipokuwa ikijaza makaburi ya Ulaya, Papa Benedikto XV alimpa kila padre ruhusa ya kuadhimisha Misa tatu siku hiyo.

Kwa nini tuwaombee? Kwa sababu mauti hayakati kamba ya upendo. Kitabu cha pili cha Makabayo, sura ya 12, chatusimulia jinsi Yuda alivyochanga drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliokufa vitani. Kama asingalitumaini ufufuko, angalikuwa amefanya kazi bure. Mitaguso ya Florence, mwaka 1439, na Trento, mwaka 1563, imetufundisha waziwazi: roho zilizo toharani zasaidiwa na sala za waamini, na hasa na Sadaka ya altare. Wenyewe wamekwisha kuvuka. Muda wao wa kujichumia umekwisha. Wetu ungaliko.

Hapa yatupasa kujiuliza swali moja, nasi twawauliza wakuu wa jamaa hasa. Je, gharama kubwa za misiba yetu zamfaa nani?

Mtakatifu Monika alikuwa Mwafrika wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Kwa miaka mingi alitamani kuzikwa karibu na mumewe, Patrisi, akajitengenezea mahali pa kaburi. Lakini mwaka 387 alipatwa na homa huko Ostia, karibu na Roma, ng'ambo ya bahari. Mmoja wa wanawe alisikitika kwamba mama atafia ugenini. Monika hakulisumbukia tena jambo hilo. Aliwaambia wauzike mwili wake mahali popote. Aliwaomba kitu kimoja tu, wamkumbuke altareni pa Bwana popote watakapokuwa. Mwanawe, Mtakatifu Augustino, ndiye aliyetuandikia habari hizi.

Hatusemi kwamba ni vibaya kumrudisha marehemu kwao. Kuzika wafu ni tendo la huruma, na kulala karibu na wazee ni tamaa ya haki. Lakini jamaa wangapi hukopa fedha kwa usafiri, mahema na vyakula vya matanga, na mwaka unapotimia hapajasomwa Misa hata moja kwa ajili ya yule waliyemlilia? Wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Sasa matanga yenyewe yamekuwa ya kukopa, na mwenye kulipa ni mjane, au mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule.

Tena liko jambo lililo baya zaidi. Wako wanaolia kwa sauti kuu kaburini, na siku ya tatu wanagawana ng'ombe, shamba na vyombo, wakimwacha mjane na yatima mikono mitupu. Watu wa namna hii wasijidanganye kwamba wamemheshimu ndugu yao. Awezaye kumwombea baba toharani huku akiwanyang'anya watoto wake mkate, sala yake yasimama juu ya nini? Kwanza arudishe alichotwaa, ndipo aje altareni.

Basi, katika mwezi huu tuyafanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Tangu tarehe 1 hata tarehe 8, mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu, hata kwa moyo tu, aweza kuwapatia rehema kamili, kwa masharti ya kawaida: kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo uliokataa kila dhambi. Tupalilie makaburi yaliyosongwa na majani. Tuandike majina ya marehemu wetu, na jioni tuyataje mbele ya watoto katika Rozari, ili wawajue babu na bibi ambao hawakuwaona. Tulipe madeni waliyoyaacha, kadiri tuwezavyo. Tuombe Misa kwa ajili yao. Wala maskini asiseme, sina sadaka ya kutoa. Misa haiuzwi, na sheria ya Kanisa yawahimiza mapadre kuadhimisha kwa nia za maskini hata pasipo kupokea kitu.

Na kila jamaa iketi pamoja, kabla haujaingia msiba mwingine, ipatane: mazishi yetu yatakuwa ya kiasi; mjane hataondolewa nyumbani mwake; na Misa itatangulia karamu. Maneno hayo ni mazito kuyasema mauti yakiwa mlangoni. Yasemwe sasa, katika utulivu.

Mwisho wa mwezi huu mwaka wa Kanisa nao wafunga, nasi twaingia Majilio, tukimngojea Bwana. Siku moja majina yetu pia yatakuwa katika orodha ya marehemu, na wanetu watatutendea kama walivyotuona tukiwatendea waliotutangulia. Raha ya milele uwape, ee Bwana, nasi utupe moyo wa kuwakumbuka.