Mbegu ya Nani?

Oktoba 2022 baraza la mawaziri la Kenya liliondoa marufuku ya vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, iliyokuwapo tangu Novemba 2012. Tangu hapo tunabishana kama ugali wake ni salama. Swali linalonisumbua mimi liko kwenye mbegu.

Hoja ya “asili” hainishawishi. Mahindi yenyewe ni mgeni kutoka bara la Amerika, na wengi wetu tumesomeshwa kwa mahindi chotara, ambayo mbegu yake hununuliwa upya kila msimu. Mahindi ya Bt yamepewa jeni ya bakteria wa udongoni ili yamuue kiwavi anayetoboa mabua. Aliyevuna mabua matupu, nani atamwambia asubiri?

Ila akina nyanya huko vijijini bado hutundika mahindi ya mbegu juu ya meko, moshi uyakinge na dumuzi, na jirani akija kuomba hupewa. Mbegu yenye hataza haiombwi hivyo. Na chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo. Ikivuka ua hadi kwa jirani ambaye hakuitaka, naye akachagua magunzi bora ya kupanda msimu ujao, kama alivyofanya miaka yote, atakuwa ameiba?