Gundi ya Jino na Maji ya Janaba

Aliyezibwa jino akioga janaba, maji hayafiki chini ya kizibo. Je, josho lake limetimia?

Kwa Washafii, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, swali halina makali: kusukutua ni sunna. Wahanafi huhesabu kusukutua kuwa faradhi katika josho, basi wao ndio waliolazimika kulifikiria swali hili. Wanazuoni wao wengi wa leo hujibu kwamba kizibo kisichotoka bila madhara huchukua hukumu ya jino lenyewe.

Kumbe hukumu inaning'inia kwenye gundi inayokishika kizibo! Nayo, tangu Michael Buonocore wa Marekani aonyeshe mwaka 1955 kwamba asidi huifanya enameli ishike resini, haijapata amani. Maji huidhoofisha, vimeng'enya vya jino lenyewe huitafuna kolajeni iliyoshikana nayo. Watafiti sasa huichanganya na chembe za nano: silika ili iwe imara, fedha au oksidi ya zinki ili kuwadhibiti bakteria.

Wanaotafuta mfano wa zamani wa kitu cha kigeni kuwekwa mwilini humtaja Arfaja, sahaba aliyepoteza pua vitani. Aliweka ya fedha, ikanuka. Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu.