Je, Wiki ya Kwanza Inaboa?

Mjomba wangu alidhani naangalia maandamano. Ilikuwa Jumatatu, Julai 1, 2024, siku sita baada ya Juni 25, na wiki hiyo kila simu Kenya ilikuwa na stori moja tu. Alivuta stuli nje ya duka pale sokoni Mautuma, akachungulia skrini yangu, akaona kundi kubwa la watu waliovaa rangi za peremende wakiendesha baiskeli polepole katikati ya mashamba.

"Hawa nao wanaandamania nini?"

Nikamwambia ni Tour de France. Akauliza nani anashinda. Nikasema leo hakuna anayeshinda. Yaani, kuna mtu atashinda leo, lakini si kule kushinda kwenyewe. Akaniangalia vile mtu humwangalia mtoto wa dada yake aliyesomeshwa kwa pesa nyingi.

"Sasa unaangalia nini?"

Nilikosa jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku hiyo.

Ukweli kwanza, kabla mashabiki hawajanirukia: wiki ya kwanza ya mbio hizi inaweza kuboa, na ikiamua kuboa inaboa kwelikweli. Ziara kubwa ya baiskeli, iwe ni ile ya Ufaransa, Giro ya Italia au Vuelta ya Uhispania, huwa na hatua 21 kwa muda wa wiki tatu hivi. Bingwa ni yule ambaye jumla ya muda wake ni mdogo kuliko wa wengine. Milima mikubwa kwa kawaida huja baadaye. Siku za tambarare, wanaoutaka ubingwa hujificha ndani ya kundi, kwa sababu anayekaa nyuma ya mwenzake hukingwa upepo na kuokoa nguvu nyingi. Wawili watatu wanatoroka mbele, wanaachwa wajichokee, kisha kundi linawameza kilomita chache kabla ya mwisho. Wote wanaofika pamoja wanaandikiwa muda uleule. Unakaa masaa matano, na jedwali la jioni linafanana na la asubuhi.

Hatua ya siku ile, ya tatu, ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote mwaka huo: kilomita 230 hivi, kutoka Piacenza hadi Turin, Italia. Ni kama utoke Turbo hadi upite Nakuru. Na kwa sehemu kubwa ya safari hata hao watoro wa mbele hawakuwepo. Watu walikuwa wanapiga stori kwenye baiskeli. Kama kuna siku mjomba alikuwa na haki ya kuuliza naangalia nini, ilikuwa hiyo.

Halafu, jioni kwa saa zetu, Biniam Girmay wa Eritrea akawapita wote kwenye mita za mwisho. Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour de France, mbio zilizoanza mwaka wa 1903. Na ameshindia wapi? Italia, nchi iliyoitawala Eritrea, na ambayo watu wake ndio waliopeleka mbio za baiskeli huko. Siku hiyohiyo Richard Carapaz akawa mtu wa kwanza kutoka Ecuador kuvaa jezi ya njano. Alikuwa na muda sawa na Tadej Pogačar. Alimzidi kwa nafasi walizomaliza tu.

Kumbuka, hii ndiyo siku ambayo nilikuwa nimemwambia mjomba kwamba hakuna anayeshinda.

Nafikiri tatizo liko ndani ya swali lenyewe. Ukiuliza "nani anashinda?" tayari umeshachagua nani wa kutazamwa. Tour ya 2024 ilianza na waendeshaji 176. Wenye nafasi ya kweli ya kuchukua ubingwa hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Ukimsubiri bingwa tu, wale wengine 170 wanageuka mandhari, kama zile alizeti ambazo kamera hupenda kuzipitia. Na si baiskeli tu. Ni vile tunavyosoma maisha ya watu. Mtu anafungua kibanda, tunasema tutaona kama atafika mbali. Binti anaingia chuo, tunasubiri kazi atakayopata. Tunamtazama mtu kama trela ya filamu ambayo haijatoka.

Hata methali zetu zina ugonjwa huo. Moja inasema nyota njema huonekana asubuhi. Nyingine inajibu: kutangulia si kufika. Zinapingana, lakini zimekubaliana jambo moja, kwamba kazi ya asubuhi ni kutupa habari za jioni. Hakuna inayosema kwamba asubuhi inaweza kuwa na mali yake yenyewe.

Chukua mfano wa Daniel Teklehaimanot, Mueritrea mwingine. Julai 9, 2015, hatua ya sita, alikusanya pointi kwenye vilima vidogo vya kaskazini mwa Ufaransa na kuwa Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi yenye madoadoa mekundu, ile ya mfalme wa milima. Kila mtu alijua kwamba milima yenyewe ikifika ataivua. Na kweli aliivua. Mwisho wa mbio jezi hiyo ilikuwa ya Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, na ambaye mwaka huo alibeba pia ubingwa. Je, siku zile za Teklehaimanot zilikuwa za uongo kwa sababu hazikufika Paris? Mimi naona zilikuwa kweli tupu. Alivipanda vile vilima mbele ya wengine, na hakuna mlima wa baadaye unaoweza kurudi nyuma ukavifuta.

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi huniambia hiyo ni falsafa ya walioshindwa. Ana hoja. Bila jezi ya njano ya mwisho, hakuna ambaye angekuwa na haraka Turin. Ingekuwa watu wanapunga hewa. Mwisho ndio unaoupa mwanzo bei. Hilo nalikubali. Ninachokataa ni kwamba bei ya mwanzo ilipwe mwisho tu.

Lakini kuna swali gumu zaidi, nalo linanikosesha raha. Mara nyingi watu wakisema wiki ya kwanza ilikuwa moto, wanamaanisha watu walianguka. Kila mtu bado ana nguvu, bado ana tumaini, na wote wanataka nafasi moja kwenye barabara moja nyembamba. Mwaka wa 2014 Froome, bingwa mtetezi, alianguka hatua ya nne, akaanguka tena mara mbili ya tano, akaenda nyumbani. Mwaka wa 2021, hatua ya kwanza kabisa, shabiki aliyenyoosha bango barabarani huku akiangalia kamera alimgonga Tony Martin, na nusu ya kundi ikalala chini.

Siku ile ya Turin pia watu walianguka, kilomita chache kabla ya mwisho. Mjomba aliruka kutoka kwenye stuli.

"Nilijua!"

Alijua kwa sababu miaka mingi alibeba mahindi ya watu kwa blakimamba kwenda kwa posho mili. Akaniambia gunia likiwa nyuma, mlima si shida: unashuka, unasukuma. Shida ni barabara ya sokoni siku ya soko, ambapo hakuna kosa lako hata moja linalohitajika ili uanguke.

Mimi, kwa aibu, nilikuwa nimeshapiga picha ya skrini. Sisi tunaijua tabia hiyo. Bodaboda akianguka pale lami, simu hufika kabla ya maji. Kwa hivyo kama msisimko wa wiki ya kwanza ni wa ajali, sitaki kuutetea. Heri kuboeka.

Ila nadhani mimi na mjomba hatukuwa tunasisimka namna moja. Mimi nilipata tukio. Yeye alikuwa anawahofia. Ni kama mahindi: wiki ya kwanza baada ya kupanda, hakuna mtu Lugari anayeenda shambani kuhesabu magunia. Anaenda kuona kama yameota, na kama kindi hajafukua mbegu. Hakuna kikubwa kinachotokea, na bado hawezi kukaa nyumbani, kwa sababu kila mmea uko hapo na wowote unaweza kupotea. Ubingwa hauchukuliwi wiki ya kwanza, lakini unaweza kupotea wiki hiyo. Anayejua hilo hahitaji ajali ndipo aamke. Kule kufika salama kwa wote tayari ni habari.

Jioni ile nilimwambia mjomba arudi kesho. Mwaka huo milima ya Alps ilikuwa imewekwa mapema, siku ya nne. Nikamwahidi hiyo ndiyo ya kusisimua. Sikukosea: Pogačar alishinda, na jezi ya njano ya Carapaz ikaisha baada ya siku moja.

Mjomba alishasimama, anakung'uta suruali.

"Hiyo ya mlima utaniambia tu nani alishinda," akasema. "Ikirudi hii ya watu wengi, niite."