Kukimbia Si Woga



Kuna swali ambalo vijana wetu hupenda kuuliza: kama nimeokoka kweli, na Roho Mtakatifu yu ndani yangu, kwa nini nikimbie majaribu? Si nisimame tu nikemee? Yule anayekimbia, ameshinda ama ameogopa?

Biblia inatupa maagizo mawili. Yakobo 4:7 inasema tumpinge Ibilisi, naye ndiye atakayekimbia. Lakini Paulo akiongea juu ya zinaa (1 Wakorintho 6:18) na tamaa za ujana (2 Timotheo 2:22), anatuagiza sisi ndio tukimbie. Kwa nini? Ibilisi anatoka nje. Tamaa inakaa ndani, na ikianza kuongea inatumia sauti yako mwenyewe. Ukikaa kubishana nayo, wakili wake ni wewe.

Tazama wanaume wawili. Samsoni alipasua simba kwa mikono. Delila alipomuuliza siri ya nguvu zake, alimdanganya mara tatu, na mara zote tatu alifungwa vile vile alivyosema. Kila mtu angeona hatari. Yeye alibaki, kwa sababu alijua ana nguvu. Mara ya nne akasema ukweli (Waamuzi 16).

Yusufu naye alisumbuliwa siku baada ya siku, na Mwanzo 39:10 inasema hata kukaa karibu na yule mama alikataa. Aliposhikwa vazi, aliliacha akatoka mbio. Sasa, huyo ni mwoga? Mwoga hukimbia ili aokoe kitu chake. Yusufu alikimbia akapoteza vazi, kazi, jina na uhuru. Alitupwa gerezani kwa kosa ambalo hakufanya.

Wengine watasema, "Mimi moyo wangu ni safi, sihitaji ua." Hebu fikiria sanduku la chama. Vikundi vingi huweka akiba kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hukaa na watu watatu tofauti. Je, hao watatu ni wezi? Hapana. Ni watu wanaoaminika, ndiyo maana wakachaguliwa. Kufuli zinamlinda mwaminifu siku ile mtoto amefukuzwa shule kwa sababu ya karo na hakuna mtu anayemwona. Kwa pesa tunakubali utaratibu huu bila ubishi. Kwa roho zetu, ati tunaona ni kukosa imani!

Ndugu, umemwahidi Mungu hutabeti tena, lakini programu ya kubeti bado iko kwa simu, na mshahara unaingia kwa simu hiyo hiyo. Ifute leo. Wewe unayeshughulikia tenda kazini, usikutane na sapulaya peke yako hotelini. Aje ofisini, mwenzako akiwepo. Dada, ile namba inayopiga saa tano usiku, unajua inataka nini. Marafiki watacheka, na pengine utakosa pesa ama cheo. Yusufu pia alikosa.

Lakini tusidanganyike. Ua hauoshi moyo. Wakolosai 2:20-23 inatuonya kwamba sheria za usiguse, usionje, peke yake haziwezi kuzuia tamaa za mwili. Mtu anaweza kufuta programu na bado aipende. Kukimbia kunakupa nafasi. Anayebadilisha moyo ni Roho Mtakatifu. Ndiyo maana Paulo hakumwambia Timotheo akimbie tu. Alimwambia pia afuate haki, imani, upendo na amani, pamoja na wale wanaomwita Bwana kwa moyo safi. Unakimbilia mahali, na hukimbii peke yako.

Basi wiki hii, kabla ya Jumapili, mtafute mpendwa mmoja unayemwamini umwambie ni mlango gani kwako bado uko wazi. Mpe ufunguo mmoja.

Mungu awabariki.