Mtoto Njiani Usiku

Noeli ikikaribia, jamaa nyingi za Ngara na Biharamulo zikaazo Dar es Salaam hufunga mizigo kurudi kwa babu na bibi. Safari hiyo yapita kilometa 1,200. Wengine huondoka jioni, mtoto wa miaka miwili akilala mapajani pa mama, baba akishika usukani hata alfajiri.

Wazee wa kwetu waijua barabara ya usiku. Miaka iliyopita majambazi walivizia wasafiri katika msitu wa Biharamulo, hata mabasi yakasindikizwa na askari wenye bunduki. Na mwezi wa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja tu, watoto wamo migongoni. Hao walikimbia kifo. Vivyo hivyo Mtakatifu Yosefu alimchukua Mtoto usiku kwenda Misri, kwa kuwa Herode alitaka kumwua.

Je, sisi twakimbia nini? Twataka kuokoa siku moja ya likizo. Kwa Yosefu usiku ulikuwa kinga ya Mtoto. Kwetu sisi usingizi wa dereva ndio Herode, naye tumempakia wenyewe garini.

Amri ya Tano yatuagiza kuutunza uhai. Basi, enyi wazazi, laleni Singida au Kahama. Mfungeni mtoto katika kiti chake, maana gari ligongapo mikono ya mama haitoshi kumzuia. Babu atangoja siku moja zaidi bila kunung'unika, mradi amwone mjukuu wake akishuka mzima.